Sirad na Picha ya Kisima

Kila asubuhi Sirad aliamshwa na kelele za madebe. Wanawake wa kijiji walikuwa wakiyapanga kwenye foleni ya maji, na mlio wa bati kugonga bati ulifika hadi ndani ya nyumba yao ya mikeka. Aliamka, lakini hakuweza kufungua macho papo hapo. Kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo. Aliketi, akapapasa mpaka akaupata upindo wa shuka ambao mama yake aliulowesha maji kidogo, akajifuta polepole hadi kope zikaachana. Kisha akawapa wadogo zake shuka hiyohiyo, nao wakajifuta.

Ulikuwa mwaka wa 1966, na vita kati ya serikali na waasi vilikuwa vimeenea kote kaskazini mashariki. Serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na seng'enge, na kijiji cha akina Sirad kilikuwa kimoja cha hivyo, nje kidogo ya mji wa Garissa. Hakuna aliyetoka wala kuingia bila ruhusa ya askari wa langoni. Mbuzi wachache waliobaki walilala humo humo na watu, na nzi walikuwa wengi kuliko watu na mbuzi wakijumlishwa. Baba yake Sirad alibaki na ngamia upande wa Bura. Walikuwa hawajapata habari zake kwa muda mrefu.

Sirad alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisoma darasa la sita katika shule ya kijiji, ambayo ilikuwa chumba kirefu cha mabati chenye madirisha mawili. Wasichana darasani walikuwa wawili tu, yeye na rafiki yake Maka, nao waliketi dawati moja. Kila mtu alimjua Sirad kuwa hodari. Jambo ambalo hawakulijua, isipokuwa Maka, ni kwamba Sirad hakuweza kusoma ubaoni. Mwalimu alipoandika, Maka alisoma kwa kunong'ona, na Sirad alishika kila neno kichwani kisha akaliandika.

"Mwambie mama yako," Maka alimsihi mara nyingi.

"Yatapona yenyewe," Sirad alijibu. "Ni vumbi tu."

Lakini moyoni hakuamini kwamba ni vumbi. Nyumbani kwao aliishi shangazi yake, Ardo, dada ya baba. Macho ya Eeddo Ardo, kama Sirad alivyomwita kwa Kisomali, yalianza kwa kuwasha na kutoa machozi vivyo hivyo. Sasa alitembea akiwa ameweka mkono begani mwa mtoto, na siku nyingi alishinda ndani ameketi mkekani. Sirad alijiambia kwamba siku mama yake atakapojua, yeye naye atawekewa mkeka wake. Nani angempeleka shule msichana asiyeona?

Siku moja Mwalimu Salat aliingia darasani akiwa amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwa gunia. Alikikunjua ukutani akakipigilia misumari. Ilikuwa picha iliyochorwa kwa rangi za mafuta juu ya turubai, kubwa kama mlango.

"Picha hii ya kisima imeletwa na lori kutoka Wajir," Mwalimu alisema. "Aliyeichora anaitwa Abkul Kotile. Tulisoma naye chuo cha ualimu. Ni mchoraji wa uhalisia. Nani ataniambia uhalisia ni nini?"

Akatembeza macho darasani, kisha akajibu mwenyewe.

"Ni sanaa isiyopamba. Abkul hachori malaika wala wafalme. Huchora watu wa kawaida wakiwa kazini, kama walivyo. Hawaongezei uzuri, wala hawaongezei ubaya. Leo nataka kila mmoja aandike uhakiki wa picha hii. Kuhakiki si kusifu tu, wala si kutafuta makosa tu. Kwanza tazama. Kisha sema unaona nini, kimechorwa vipi, na kinakuambia nini. Kila unalosema, ushahidi wake uwe ndani ya picha. Na leo hakuna kunong'onezana. Kila mtu atazame kwa macho yake mwenyewe."

Sirad aliigeukia picha. Alikaza macho hadi machozi yakamtiririka. Aliona weupe mwingi upande wa chini. Aliona kitu kirefu chekundu, akadhani ni nguo ya mwanamke. Mgongoni pa mwanamke palikuwa na kitu cha mviringo, bila shaka kichwa cha mtoto, na usoni mwa mtoto palikuwa na madoa mawili meusi. Mengine yote yalikuwa kama ukungu. Alimgusa Maka kwa kiwiko, lakini Mwalimu alikuwa akipita kando yao, na Maka hakuthubutu.

Basi Sirad akakisia. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri: "Katika picha hii namwona mama mwenye furaha akipunga mkono kando ya kisima. Amembeba mtoto mrembo. Mama huyu amempaka mwanawe wanja mwingi machoni, na mtoto anatabasamu. Mchoraji ametuonyesha kwamba maisha ya kisimani ni ya raha."

Kesho yake Mwalimu alisoma sehemu za kazi zao kwa sauti bila kutaja majina. Alipofika kwenye wanja, darasa likalipuka kwa kicheko.

"Wanja!" alipaza sauti mvulana mmoja. "Hao ni nzi! Mtoto ameliwa na nzi!"

"Na analia!" mwingine akadakia. "Anatabasamu wapi?"

Sirad naye alicheka, tena kwa nguvu kuliko wote, ili mtu yeyote asijue kwamba maneno yale ni yake. Maka pekee hakucheka. Aliinamisha kichwa akatazama dawati. Mwalimu Salat aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akamwona Sirad akicheka huku ameupa mgongo mwanga wa dirisha na machozi yanamchuruzika mashavuni. Akaweka karatasi chini. Kengele ilipolia, alimwambia abaki.

"Wewe ndiye ninayekutegemea kwa insha," alisema. "Imekuwaje ukaona wanja?"

"Niliandika haraka, Mwalimu."

"Wewe huandiki haraka. Hebu simama hapo hapo ulipo. Yule mama ameshika nini?"

Sirad aliutazama ule ukungu mwekundu. "Hajashika kitu. Anapunga mkono."

"Mikono yake yote miwili imeshika kamba, Sirad. Kamba nene."

Nje watoto walikuwa wakikimbizana. Mwalimu alichuchumaa mbele yake na kumtazama usoni, akaona kope zilizovimba na wekundu uliojaa ndani ya macho.

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi kilichopita." Sirad alifuta mashavu kwa kiganja. "Tafadhali, Mwalimu, usimwambie hooyo, mama yangu. Atanitoa shule. Nitakaa mkekani kama Eeddo Ardo."

"Sitamwambia," Mwalimu alisema. "Utamwambia mwenyewe. Mimi nitakuja kukaa kando yako."

Alasiri hiyo Mwalimu Salat alibisha hodi nyumbani kwao. Mama yake Sirad, Abshiro, alimkaribisha kwa chai ya maziwa, akaomba radhi kwa kuwa sukari haikuwepo. Eeddo Ardo alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku. Baada ya salamu ndefu Mwalimu alimtazama Sirad. Sirad alivuta pumzi.

"Hooyo, sioni ubaoni. Maka ndiye anayenisomea." Alisita, kisha yaliyobaki yakatoka yote kwa pamoja. "Na wewe ukisimama mlangoni siuoni uso wako. Najua ni wewe kwa sauti."

Abshiro alibaki ameshika birika hewani. "Ni moshi," alisema mwishowe, kama anayeomba mtu amkubalie. "Maalim, ni moshi wa kuni tu. Watoto wote hapa wana macho mekundu."

Kutoka mkekani, Eeddo Ardo alisema kwa sauti ya chini, "Mimi pia nilisema ni moshi, Abshiro. Mpelekeni mtoto."

Hospitali ilikuwa mjini, ng'ambo ya lango. Abshiro aliogopa lango kuliko kitu chochote. Tangu walipohamishiwa kijijini hakuwahi kusema neno na askari. Akiwaona hushusha mtandio na kupita mbali. Asubuhi iliyofuata alitembea nyuma ya Mwalimu akiwa amemshika Sirad mkono kwa nguvu hata vidole vikamuuma.

"Leo hakuna kutoka," askari aliwaambia. "Barabara imefungwa. Rudini kesho."

Mwalimu alieleza kwa upole kwamba mtoto ni mgonjwa. Askari akatikisa kichwa. Amri ni amri, alisema, na hata jana waliambiwa wengine vivyo hivyo. Mwalimu alikuwa tayari amegeuka kurudi pale Abshiro alipopiga hatua mbele. Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Afande. Mtoto yangu macho gonjwa. Taka hosbitali. Kesho, kesho, kesho. Kesho yeye kibofu, hapana ona."

Akamsogeza Sirad mbele na kumwinua kidevu. Askari aliinama akamtazama. Wakati ule ule nzi alitua kwenye pembe ya jicho la Sirad, na Sirad hakumfukuza, kwa kuwa alikuwa ameshawazoea. Askari ndiye aliyemfukuza kwa mkono. Kisha akaingia kibandani kuzungumza na mkubwa wake. Aliporudi alivuta mlango wa seng'enge.

"Mrudi kabla ya kafyu," alisema. "Msinitie matatani."

Hospitalini walipokewa na msaidizi wa daktari aliyeitwa Abdille, mtu mnene mwenye mikono myepesi. Alimkalisha Sirad karibu na dirisha, akaipindua kope ya juu kwa kijiti. Ndani palikuwa pamejaa vipele vidogo kama chembe za mtama.

"Hii ni trakoma," alisema. "Wengine huiita vikope. Nzi huibeba kutoka jicho hadi jicho. Vitambaa pia huibeba, na mikono. Mama, nyumbani mnafutia nini uso?"

"Shuka," Abshiro alijibu Kisomali.

"Moja, nyote?"

"Moja."

"Na kijiti cha wanja?"

Abshiro aliinamisha kichwa. Kijiti kilikuwa kimoja, na siku za sikukuu yeye mwenyewe aliwapaka watoto wote kwacho.

"Sikulaumu," Abdille alisema. "Hakuna aliyekuambia. Jicho lenyewe bado halijaharibika. Mngengoja, kope zingegeukia ndani, zikawa zinakwaruza jicho kila anapopepesa, mpaka giza likaingia. Sasa atapaka dawa hii asubuhi na jioni. Wadogo zake pia, na wewe. Kila mtu na kitambaa chake. Na kila siku nyuso zioshwe kwa maji."

"Maji yenyewe tunapanga foleni," alisema Abshiro.

"Najua. Lakini uso hauhitaji debe." Abdille alichukua mkebe mtupu, akautoboa tundu dogo kwa msumari, akatia maji kikombe kimoja na kuuning'iniza. Maji yakatoka kwa uzi mwembamba. Sirad alikinga viganja, akanawa uso wote, na mkebe ulikuwa bado na maji. Kabla hawajaondoka Mwalimu aliuliza habari za Ardo. Abdille alisema aletwe. Daktari wa macho hupita mara mojamoja, na pengine jicho moja lingeweza kupasuliwa kope lisizidi kuharibika.

Matibabu hayakuwa rahisi. Dawa ilikuwa marhamu ya manjano, na ikishapakwa, dunia yote ilizidi kuwa ukungu. Siku za mwanzo Sirad alilia. "Hii dawa inanipofusha, hooyo! Tuiache." Lakini Abshiro hakukubali. Alimlaza mapajani asubuhi na jioni, akamfungua kope kwa vidole, akampaka. Wavivu wa kunawa walikuwa wadogo zake. Sirad aliwakimbiza kuzunguka nyumba na kuwaleta mkebeni mmoja mmoja. Darasani Mwalimu alimhamishia kiti cha mbele, na Maka sasa alimsomea bila kujificha. Picha ilikuwa imeviringishwa tena ndani ya gunia.

"Itakungoja," Mwalimu alimwambia.

Wiki zilipita. Kwanza tongotongo zilikwisha. Kisha mwanga wa jua ukaacha kumchoma. Asubuhi moja alitoka nje akamwona mama yake kwenye foleni ya maji, mbali, na akauona uso wake, hata kovu dogo lililokuwa juu ya nyusi. Alikwenda shule mbio kabla ya wengine.

Mwalimu Salat hakuuliza kitu. Alilichukua gunia, akaikunjua picha ukutani, kisha akatoka nje na kumwacha peke yake.

Sirad alisimama mbele ya picha.

Ule weupe wa chini ulikuwa mawe. Ukingoni mwa kisima mawe yalikuwa na mifereji, mingine ya kina kama kidole, na akaelewa kwamba ni kamba zilizoyala mawe hayo, mwaka baada ya mwaka, kabla hata bibi zake hawajazaliwa. Ndani ya kisima, gizani, ilionekana mikono tu ya watu waliosimama mmoja juu ya mwingine, wakiongoza ndoo ya ngozi iliyoning'inia kwenye kamba ya yule mama. Ndoo ilikuwa inavuja. Tone moja lilikuwa linaanguka, na ndani ya tone, dogo kuliko punje ya mtama, palikuwa na mwanga wa jua. Nyuma walisimama ngamia. Visigino vya yule mama vilikuwa vimepasuka. Mishipa ya mikono yake ilikuwa imetuna.

Na pale machoni mwa mtoto walikuwepo nzi. Aliwaona mmoja mmoja, na mabawa yao.

"Ya Allah," alinong'ona.

Alisogea karibu hadi pua yake ikakaribia kugusa turubai, na nzi wakatoweka. Yalibaki matone ya rangi nyeusi na mkwaruzo mmoja wa kijivu. Akarudi nyuma, na nzi wakawa nzi tena, hai, wakinywa machozi. Akaenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Mtu alikuwa amesimama na brashi, akaweka tone hapa na tone pale, na kutoka kwenye matone hayo akatoka mtoto anayelia, ambaye Sirad karibu amsikie. Hakujua kwamba kitu kama hicho kinaweza kufanywa na mikono ya binadamu. Na hakujua kwamba foleni za maji, visigino vilivyopasuka na nzi, vitu alivyoviona kila siku na kuvionea aibu, vinastahili kutazamwa na mtu kwa uangalifu kiasi kile.

Aliketi akaandika. Wenzake walipoingia hakuinua kichwa.

Siku ya kusoma kazi yake, aliomba mama yake na Eeddo Ardo waruhusiwe kuja. Mwalimu aliwawekea viti karibu na mlango. Abshiro, ambaye mwanzoni aliposikia habari za picha ya watu alisema "Astaghfirullah", sasa alikaa akiikodolea macho na kusahau kushusha mtandio. Sirad alisoma kwa Kiswahili, na kila baada ya sentensi chache alirudia kwa Kisomali ili wageni wafuate.

"Nilipoitazama picha hii mara ya kwanza niliandika kwamba mama amempaka mwanawe wanja. Niliandika uongo, kwa sababu sikuwa nikiona na niliona haya kusema."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Sasa naona. Mtoto ana nzi machoni na analia. Mama amegeuza kichwa nusu kumwelekea, kwa hiyo anamsikia. Mtu anaweza kuuliza, mbona hawafukuzi? Jibu limo ndani ya picha. Mikono yake yote imeshika kamba. Akiiacha, ndoo itawaangukia watu walio chini. Mchoraji hakumlaumu wala hakumpamba. Ametuonyesha kamba, akatuachia sisi tuelewe. Jambo moja sikubaliani nalo. Ngamia wametulia mno. Ngamia wenye kiu husukumana na kupiga kelele. Nadhani mchoraji aliwanyamazisha ili tumtazame mama. Lakini lile tone la maji sijui alilichoraje, na nikiishi miaka mingi bado nitashangaa."

Abshiro alikuwa amefunika mdomo kwa mtandio. Eeddo Ardo akauliza, uso wake ukielekea sauti ilikotoka, "Na hiyo kamba, mwanangu, ni mpya au kuukuu?"

Sirad aligeuka akatazama. "Kuukuu, Eeddo. Nyuzi zimechomoza. Mahali pamoja imeungwa kwa fundo."

"Karibu na mkono wa kushoto?"

"Hapana. Chini yake, karibu na ndoo."

"Haa," Ardo akaitikia taratibu. "Hapo ndipo hukatika. Nilivuta maji Wajir nilipokuwa msichana. Sasa namwona huyo mama. Wallahi, namwona."

Sirad aliporudi kwenye kiti chake cha mbele, Mwalimu Salat alisimama mbele ya darasa.

"Mmesikia uhakiki," alisema. "Shangazi hajaiona picha, lakini ameiona kwa maneno ya mtu aliyetazama vizuri na kusema kweli. Sasa nisikilizeni. Sirad hakukosea kwa kuugua macho. Ugonjwa si kosa la mtu. Alikosea kujifanya anaona asichokiona. Uongo ule ulimharibia insha, na hiyo ni hasara ndogo; ulikuwa unataka kumharibia macho. Aliposema 'sioni', mbele ya mama yake, siku hiyo ndipo alipoanza kupona. Kusema 'sioni' au 'sijui' si aibu. Ni mlango wa kupata msaada. Na mtu akisema hivyo mbele yenu, msimcheke, kwa maana kicheko chenu ndicho kitakachomfanya anyamaze."

Kisha, kwenye safu ya nyuma, mkono uliinuka polepole. Alikuwa mvulana mmoja aliyekaa kila siku akiegemeza kichwa kwenye kiganja.

"Mwalimu," alisema, "mimi pia sioni ubaoni."

Hakuna aliyecheka. Sirad aliinuka, akaichukua karatasi yake, na kumwachia kiti cha mbele.